Mwanangu, Piga Hesabu Kabla ya Kuwasha

Mwanangu, nimesikia unataka kuzungushia taa za LED nyuma ya monita yako, zile zinazobadilika rangi kwa kufuata kinachoonekana kwenye skrini: bahari ikitokea ukuta unageuka buluu, moto ukiwaka unageuka mwekundu. Ni kazi njema na ninaibariki. Philips wa Uholanzi walianza kuuza televisheni za namna hiyo mwaka 2004, wakaiita teknolojia yao Ambilight. Leo kijana mwenye utepe wa taa, bodi ndogo ya Arduino na programu ya bure kama Hyperion au Prismatik anajiundia yake mezani. Programu hutazama kingo za skrini, huzigawa vipande vipande, hutafuta wastani wa rangi ya kila kipande, kisha huupeleka kwenye taa iliyo nyuma ya kipande hicho. Upande huo hautakusumbua sana. Ninachotaka kukuusia ni umeme.

Kabla hujanunua chochote, keti na kalamu. Monita ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53 hivi na kimo cha sentimita 30. Utepe ukibandikwa ndani kidogo ya ukingo, pande zote nne, utataka kama mita moja na nusu. Ukichukua utepe wa taa 60 kwa mita, una taa 90. Kila taa ya aina ya WS2812B, ambayo ndiyo utakayoikuta zaidi madukani, ina vitaa vitatu ndani yake: chekundu, cha kijani na cha buluu. Kila kitaa hula takriban miliampea 20. Vyote vitatu vikiwaka kwa nguvu kamili kutoa weupe, taa moja imekula miliampea 60. Zidisha kwa 90, unapata ampea 5.4 kwa volti 5.

Sasa itazame bandari ya USB 2.0 ya kompyuta yako. Kiwango chake ni miliampea 500, yaani taa nane tu nyeupe. Usiunganishe taa 90 hapo kwa sababu umeona mwenzako amefanya hivyo na zikawaka. Ziliwaka kwa kuwa picha ilikuwa na giza. Siku skrini nzima itakapokuwa nyeupe, mzigo wote utaiangukia kompyuta ambayo pengine mzazi wako alijinyima mengi ili uipate.

Tafuta adapta ya utepe peke yake, ya volti 5 na ampea 8, isishinde ikifanya kazi kwenye kikomo chake. Soma kibandiko, kisha uipime kwa mita ya volti, maana kibandiko huandikwa na yeyote. Hakikisha si ya volti 12. Hiyo itaua utepe wa volti 5 mara moja. Zipo pia adapta za kasha la chuma ambazo skrubu zake za volti 230 ziko wazi. Kwenye nyumba yenye watoto, adapta ya namna hiyo ifungie ndani ya boksi lenye matundu ya hewa, au uiache dukani.

Ukifika kwenye waya, shika kanuni hii: hasi ziungane, chanya zisiungane. Arduino inayokula umeme wa kompyuta na utepe unaokula umeme wa adapta lazima vishiriki waya hasi, kwa sababu ishara ya data hupimwa kutokea hapo. Bila waya huo taa zitapepesa ovyo, nawe utalaumu programu isiyo na kosa. Lakini chanya ya adapta usiipeleke kwenye Arduino iliyochomekwa kwenye kompyuta. Kwenye njia ya data, karibu na taa ya kwanza, weka rezista ya omu 330 au 470. Mwanzoni mwa utepe, kati ya chanya na hasi, weka kapasita ya mikrofaradi 1000, ukiangalia vizuri upande wake wa hasi.

Utepe wenyewe una mishale midogo midogo inayoonyesha data inakoelekea. Kwenye kila kona kata palipo na alama ya shaba, ulehemu vipande vitatu vya waya, mshale wa kipande kimoja uendelee na wa kipande kinachofuata. Ukigeuza kipande, taa za kuanzia hapo hazitawaka.

Ukimaliza, usikimbilie filamu. Washa taa zote ziwe nyeupe, uitazame ya mwisho. Ikiwa inaelekea rangi ya machungwa, volti zinapungua njiani. Kitaa chekundu huridhika na volti 2 hivi, ila cha buluu na cha kijani hutaka karibu 3, kwa hiyo hivyo viwili ndivyo vinavyodhoofika kwanza. Dawa yake ni kupeleka waya wa chanya na hasi mpaka mwisho wa utepe pia, ulishwe kutoka ncha zote mbili. Kisha gusa adapta na viungo vyote baada ya nusu saa. Kiungo chenye moto hakijalehemiwa sawasawa. Kirudie siku hiyo hiyo.

Ninakusisitizia haya kwa sababu elimu yake ni kubwa kuliko taa. Hesabu ya ampea uliyoifanya kwa taa 90 ndiyo hesabu ya betri ya sola, ya pampu ya kisima na ya waya wa nyumba. Ukiizoea kwenye volti 5, ambazo hazikurushi, utaingia kwenye kazi kubwa ukiwa na adabu ya fundi. Anayebandika na kuwasha tu atapata ukuta wa rangi. Wewe upate ukuta wa rangi na ufundi juu yake.

Basi fanya kazi hiyo, tena uifanye vizuri. Na ikikamilika, mwite mdogo wako, wa kike au wa kiume, mpe ile karatasi ya hesabu, umwonyeshe nyuma ya monita kabla hujamwonyesha mbele.