Mgeni Aliyebisha Usiku



Mwaka 1864 vijana wawili marafiki, Chuma na Wikatani, waliookolewa utumwani, walishuka Bombay, Bara Hindi, pamoja na Livingstone. Mji mgeni, lugha ngeni. Mchungaji John Wilson akawapokea shuleni kwake, na mwaka 1865 akawabatiza. Ndiye Chuma yule aliyesaidia kuufikisha mwili wa Livingstone Bagamoyo mwaka 1874.

Sisi wa Tarime na Serengeti twawachangamkia sana wageni wa mbugani wenye mikoba mgongoni. Vema. Lakini msimu wa ukeketaji binti hubisha hodi usiku na rafikiye, hawana hata kanga ya pili. Someni Mathayo 25. Msiwarudishe alfajiri kwa kuogopa wazee. Wapeni uji, walale, kisha wapelekeni nyumba salama Mugumu.