Na Wale wa Chini Wanywe Nini?

Katika kitabu cha nabii Ezekieli, sura ya 34, Mwenyezi Mungu awakemea kondoo walionona. Kosa lao si kunywa maji, kwa maana kiu si dhambi. Kosa lao ni kwamba, baada ya kunywa maji safi na kushiba, huyavuruga yaliyobaki kwa miguu yao, na kondoo dhaifu wajao nyuma hulazimika kunywa matope. Nabii asema kwamba Mungu mwenyewe ataamua baina ya kondoo na kondoo. Tuangalie vema, wasomaji wapenzi: hapa hasemi habari za kondoo na mbwamwitu, bali za kondoo wa zizi moja.

Twakumbusha hukumu hiyo kwa sababu katika nchi yetu ya Tanzania uko mto ambao habari zake zatupasa kuzitafakari mbele ya Mungu. Ndio Ruaha Mkuu. Mito iulishayo hushuka kutoka milima ya Mbeya, Njombe na Iringa mpaka tambarare ya Usangu: Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na mingine. Maji hukusanyika katika kinamasi cha Ihefu, hutoka penye kizingiti cha mwamba cha Ng'iriama, hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, huingia mabwawa ya Mtera na Kidatu yatoayo umeme, na mwisho huungana na Rufiji kuelekea baharini. Mkulima wa mpunga wa Mbarali, mvuvi wa Mtera, na mgonjwa aliyelala hospitalini chini ya taa ya umeme, wote wanakula kwa mkono wa mto mmoja, ijapokuwa hawajuani kwa sura.

Zamani Ruaha Mkuu ulitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi, miaka mingine kwa majuma, miaka mingine kwa miezi. Viboko husongamana katika vidimbwi vya matope, na samaki hufa. Jambo hili halikuletwa na uchache wa mvua peke yake. Usangu imekuwa ghala la mpunga, na ubwabwa wake huliwa katika miji yetu mingi. Mabanio na mifereji imeongezeka, ya mashamba makubwa na ya wakulima wadogo. Huko milimani nako vinyungu vimelimwa mpaka kwenye chemchemi. Kila mmoja huchukua kidogo, na hasa huchukua katika miezi ile ambayo mto wenyewe ni dhaifu. Basi maji ya Ihefu hushuka chini ya kizingiti cha Ng'iriama, na hapo mto hukoma.

Kitu kikiharibika, sisi wanadamu hupenda kumtafuta mwingine wa kumtwika lawama. Mwaka 2006 Serikali iliagiza wafugaji na ng'ombe wao waondoke katika bonde la Usangu, na mwaka 2008 sehemu kubwa ya bonde hilo ikatiwa ndani ya mipaka ya Hifadhi. Familia nyingi zilisafiri mbali na mifugo yao, na wengine walipoteza mali nyingi njiani. Hata hivyo mto uliendelea kukatika kila kiangazi. Hatusemi kwamba ng'ombe wengi hawadhuru kinamasi. Twasema kwamba ni rahisi kuona kibanzi katika jicho la mfugaji kuliko boriti iliyo katika banio letu wenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu waliofanya kazi Usangu walibuni mchezo wa kuwafundishia watumiaji wa maji. Walitengeneza ubao mrefu ulioinamishwa, wenye mfereji katikati kama mto. Gololi zilimwagwa juu ziteremke kama maji, na wachezaji, wakisimama kila mmoja mahali pake kando ya ubao, waliweka vijiti kama mabanio ili kuzikinga ziingie katika mashimo yao, ndiyo mashamba. Waliosimama juu walijaza mashimo yao upesi. Waliosimama chini waliambulia gololi chache, au hawakupata kitu. Kisha watu walibadilishana nafasi, wakazungumza, wakatafuta namna ya kugawana ili kila mmoja apate. Ndugu zetu, je, huo si mfano unaofaa kutafakariwa na kila Mkristu? Moyo wa mtu hubadilika asimamapo mahali pa jirani yake. Naye Bwana wetu Yesu Kristu alitufundisha kuwatendea wengine kama tutakavyo kutendewa.

Lakini haki ya maji si jambo jepesi. Wengine husema: kiangazi mpunga umekwisha kuvunwa, basi mabanio yote yafungwe, maji yarudi mtoni. Neno hilo lina ukweli, kwani maji mengi hupotea katika mifereji iliyoachwa wazi pasipo zao la kumwagilia. Lakini viko vijiji vilivyoota kandokando ya mifereji hiyo, na humo akina mama huteka maji ya kunywa na ya kupikia. Ukifunga banio bila kuwachimbia kisima, umewapa viboko maji kwa kuwanyang'anya watoto. Ukiliacha wazi lote, umewanyima walio chini. Mahitaji haya mawili ni ya haki, na kuyapatanisha si kazi ya mtu mmoja wala ya amri moja kutoka mbali. Ni kazi ya wanakijiji wakikaa pamoja, wa juu na wa chini, wakulima na wafugaji, wanaume na wanawake. Twataja wanawake makusudi, kwa maana ndio wabebao ndoo vichwani, na mara nyingi ndio wasioulizwa neno mkutanoni.

Sheria ya nchi imetufungulia njia. Sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 yazitambua jumuiya za watumia maji, ambazo hupanga zamu, hulinda vyanzo na kusuluhisha ugomvi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini sheria haina miguu ya kutembea usiku mpaka kwenye banio; dhamiri ndiyo hufika huko. Yuko mtu mwenye kibali, amelipa ada yake, naye hudhani amekwisha kuununua mto. La hasha! Amepewa ruhusa ya kutumia kiasi chake; mto wenyewe ni wa Mwumba wake. Na yule afunguaye banio zamu ya mwenzake usiku wa manane asijidanganye kwamba amechukua maji tu. Ameiba mpunga wa jirani, na ada ya shule ya watoto wa jirani. Dhambi hiyo yafaa iungamwe kama wizi mwingine wowote, na kilichoibwa kirudishwe.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mwanadamu, kwa kuwa uhai wake wategemea maji hayo. Na kwamba dunia ina deni kubwa kwa maskini wasioyapata. Deni, wasomaji wapenzi, si sadaka. Sadaka hutolewa kwa hiari, lakini deni hulipwa.

Basi tufanye nini? Kwanza, parokia na nyumba za watawa zenye mashamba na mifereji zitangulie kutoa mfano: ziheshimu zamu, ziache miti ukingoni, zisichukue zaidi ya fungu lao. Pili, jumuiya ndogondogo zilizo kando ya mto huo huo zitembeleane. Wa juu washuke wakaone mchanga mkavu, wa chini wapande wakaone shida za mlimani. Tatu, Wakristu waingie katika jumuiya za watumia maji na kukubali uongozi wake, ijapokuwa hauna mshahara wala sifa. Nne, wazazi wawafundishe watoto kwamba kutupa taka na sumu za shambani mtoni ni kuzitia katika mtungi wa mtu mwingine.

Sote tulizaliwa mara ya pili kwa maji ya Ubatizo. Hakuna aliyeulizwa kama anakaa juu au chini ya mto. Maji yalimiminwa sawasawa juu ya vichwa vyetu, tukawa ndugu. Siku ya hukumu Bwana atatuambia kwamba alikuwa na kiu. Tumwombe neema, ili siku hiyo asitukumbushe kwamba alikuwa amekaa chini ya banio letu, akingoja.