Jua Huwaangaza Wote: Nani Atoe Kivuli?



Mtu asimamaye wakati wa adhuhuri katika mbuga za Shinyanga, mwezi wa Machi au mwanzoni mwa Oktoba, hukiona kivuli chake kimejikunyata chini ya nyayo zake. Nchi hiyo iko nyuzi chache tu kusini mwa Ikweta, na kwa hiyo mara mbili kila mwaka jua hupita juu ya utosi. Jua hilo ndilo livutalo mvuke wa Ziwa Viktoria ukawa mvua, ndilo liivishalo mtama na kupasua vitumba vya pamba, na ndilo likaushalo malambo mpaka ng'ombe wakafa. Si ajabu basi kwamba Wanyamwezi, ndugu na majirani wa Wasukuma, miongoni mwa majina waliyomtajia Mungu zamani waliliweka jina Limi, maana yake Jua.

Nia yetu hapa si kujadili ibada ya jua. Kurani Tukufu imekwisha kulifunga jambo hilo kwa kukataza kulisujudia. Swali letu ni hili: Ikiwa jua huwaangaza watu wote bila upendeleo, lakini huwadhuru baadhi yao kuliko wengine, je, wajibu wa kuwakinga hao ni wa nani?

Kwanza natutazame jua linavyofanya kazi. Liko mbali nasi kadiri ya kilomita milioni 150, na nuru yake hutufikia baada ya dakika nane na kidogo. Lakini halitoi nuru na joto tu. Hutoa pia miali isiyoonekana kwa macho, iunguzayo ngozi. Tena hupuliza daima upepo wa chembe zenye umeme, uendao mamia ya kilomita kwa kila sekunde. Upepo huo huzipita sayari zote. Chombo Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, hakikutoka nje ya eneo la upepo huo mpaka Agosti 2012. Na mara nyingine jua huchafuka kama bahari. Mwezi wa Machi 1989 dhoruba ya jua iliuzima umeme katika jimbo la Quebec, nchini Kanada, na mamilioni ya watu wakakaa gizani kwa saa nyingi.

Sasa itazame sayari ya Mirihi. Uso wake una alama za mito iliyokauka zamani sana. Wataalamu wameeleza kwamba Mirihi ilipopoteza ngao yake ya sumaku, upepo wa jua uliichuna hewa yake kidogo kidogo. Na chombo MAVEN, kilichofika huko Septemba 2014, kimepima jinsi hewa hiyo inavyozidi kupotea. Dunia yetu hupigwa na upepo ule ule, tena iko karibu zaidi na jua. Mbona basi sisi tu hai? Ni kwa sababu tumefunikwa mapazia. Nguvu ya sumaku itokayo katika kiini cha dunia huugeuza upepo huo upite kando. Chini yake kuna hewa, na ndani ya hewa, kadiri ya kilomita 15 hadi 35 juu yetu, kuna tabaka la ozoni linalonyonya sehemu kubwa ya miali yenye madhara. Msomaji wa Kurani Tukufu atakumbuka kwamba humo mbingu imetajwa kuwa ni paa lenye hifadhi.

Naam, fundisho lake ni wazi. Uhai hauletwi na nuru peke yake. Huletwa na nuru pamoja na pazia. Na pazia la mwisho limo katika miili yetu wenyewe, nalo ni rangi ya ngozi, iitwayo melanini. Mkulima wa Kahama hupalilia shamba lake mchana kutwa, wala hafikirii kwamba rangi yake inampigania.

Lakini wako binadamu wenzetu waliozaliwa na pazia hilo likiwa jembamba sana, au bila ya pazia kabisa. Hao ndio watu wenye ualbino, ambao zamani waliitwa kwa majina ya dharau. Hali hiyo hurithiwa kutoka kwa baba na mama pia, ingawa wote wawili waweza kuwa weusi kabisa. Kwa hiyo mume amfukuzaye mkewe kwa kumzaa mtoto wa namna hiyo humdhulumu mkewe, na ajue kwamba naye ametoa sehemu ya urithi ule. Mtoto huyo huunguzwa na jua, macho yake huona kwa shida, na asipokingwa aweza kupatwa na saratani ya ngozi angali kijana.

Hayo yafanywa na jua, nalo halina akili wala nia. Ni mamoja kwake kuangaza ikulu au kaburi. Tazama sasa yale yaliyofanywa na mwenye akili! Tangu kadiri ya mwaka 2007, katika mikoa ya kando ya Ziwa Viktoria, ikiwamo Shinyanga na nchi ya machimbo ya Geita, makumi ya watu wenye ualbino waliuawa au kukatwa viungo, kwa sababu waganga waliwaambia wateja wao kwamba viungo hivyo huleta dhahabu na samaki. Mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mvulana wa wilaya ya Bukombe. Watoto wengi waliondolewa vijijini wakapelekwa katika vituo kama Buhangija, Shinyanga, ili walindwe.

Ewe mchimbaji, hebu fikiri! Jua lenyewe, kwa ukubwa wake wote, haliwezi kufanya hata chembe moja ya dhahabu. Kazi yake ni kuigeuza haidrojeni kuwa heli. Dhahabu huhitaji msukosuko mkubwa kuliko huo. Mnamo Agosti 2017 wataalamu walishuhudia mabaki mawili ya nyota yaliyokufa yakigongana, na katika nuru ya mgongano huo wakaona dalili za kufanyika metali nzito za namna hiyo. Na miamba yenye dhahabu ya Geita ina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili, wakati hapakuwa na mganga wala mteja. Je, mfupa wa mtoto utaiambia nini dhahabu hiyo? Aliyekuuzia maneno hayo amekuuzia upepo, nawe umelipa kwa damu ya mwenzako.

Mtu aweza kuuliza: "Kwa nini Mwenyezi Mungu akamwumba mtu bila pazia chini ya jua kali namna hii?" Sidai kuijua hekima yote iliyomo. Lakini najua kwamba swali hilo, tukimwuliza Mungu huku tumekunja mikono, huwa udhuru wa kutotenda. Mwenye kumwambia mgonjwa "subiri" naye ana kofia mbili nyumbani, hajafundisha subira bali amefundisha ubahili.

Wala tusiseme kwamba kazi hii inatushinda. Katika miaka ya 1970 wataalamu walionya kwamba kemikali za majokofu na za mikebe ya kupuliza zaweza kuliharibu tabaka la ozoni. Mwaka 1987 mataifa yalipatana mjini Montreal kuziacha hatua kwa hatua, na leo tabaka hilo laendelea kupona. Ikiwa binadamu wameweza kulishona pazia la dunia nzima, watashindwaje kumshonea mtoto mmoja shati la mikono mirefu?

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na mtoto wa namna hii nyumbani au jirani yako, mpe kofia yenye ukingo mpana. Usimtume shambani wala kisimani tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Ukiwa mwalimu, mketishe karibu na ubao, wala usimdhanie mvivu. Akitokewa na kidonda kisichopona, mpeleke hospitali mapema. Na ukimsikia mtu akinong'ona juu ya viungo na utajiri, usicheke wala usinyamaze, bali toa habari kwa wenye mamlaka.

Tena tukumbuke kwamba ukuta wa kituo huzuia panga, lakini si badala ya nyumbani. Mtoto aliyefichwa ili aishi bado anatudai kijiji ambamo aweza kutembea na mama yake bila hofu. Jua litachomoza kesho juu ya Shinyanga na Geita kama lilivyochomoza leo, bila kuuliza nani ana pazia na nani hana. Kuuliza hivyo ni kazi yetu sisi tuliopewa akili, na sisi ndio tutakaohesabiwa kwa kivuli tulichokuwa nacho tukakizuia. Mwenyezi Mungu atujalie kuwa ngao kwa wenzetu. Amin.