Mzee Aambiwe Anapelekwa Wapi



Ndugu zangu katika imani, nyumba za wazee za Marekani tunazitaja kwa kulaumu tu: watu gani hawa wanaowatupa wazazi wao? Mimi naiona lawama hiyo nyepesi. Katika sheria yao ya mwaka 1987 na kanuni zilizofuata kuna jambo linalotuhusu.

Mkazi akihamishiwa hospitali, yeye na mwakilishi wake hupewa taarifa ya maandishi, kwa lugha wanayoielewa: anapelekwa wapi, kwa sababu gani, na kwamba ana haki ya kukata rufaa. Huambiwa pia kitanda chake kitashikiliwa siku ngapi. Hili la kitanda si dogo. Asiyeambiwa anaweza kupona, akarudi, akakuta amelazwa mwingine. Na kitanda kile ndiyo nyumba yake yote.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inaamrisha deni liandikwe. Mdaiwa ndiye atamke yaandikwayo. Akiwa dhaifu au hawezi, walii wake atamke kwa uadilifu. Udhaifu haukumfutia haki yake. Umemwongezea msemaji.

Na mwaka ilipofunguliwa Makka, Abubakar (r.a.) alimleta baba yake, Abu Quhafa, mzee aliyekwisha kupofuka, mbele ya Mtume (s.a.w.). Mtume akauliza kwa nini mzee hakuachwa nyumbani, amwendee yeye. Amepokea Imam Ahmad. Safari ile ilikuwa ya kusilimu, heri iliyoje! Hata hivyo kumsogeza mzee hakukuchukuliwa kuwa jambo jepesi.

Sasa majumbani kwetu. Bibi anaamshwa alfajiri, anavishwa, anapakiwa garini. Akiuliza, anaambiwa, "Tunakwenda kutembea kidogo." Anajikuta wodini. Watoto wamekwisha kupatana kwa simu, yeye hana habari. Husemwa eti ni huruma. Huruma gani? Huenda ana amana ya jirani chini ya godoro, deni dukani, wasia hajautamka. Akili yake ni timamu, na tumemnyima saa ile moja ya kuyasema.

Likizo imekaribia, na wengi wetu ndio tutakaotumwa kutafuta gari. Kabla halijawashwa, mmoja akae karibu na mzee, amtajie hospitali, ugonjwa unaoshukiwa, na nani atalala naye usiku. Akisema hataki kwenda, aulizwe kwa nini, na asikilizwe mpaka amalize.