Shahidi wa Picha

Mpiga picha wa Leica M3, kamera ya mwaka 1954, hutazama kwa kidirisha kilicho kando ya lenzi. Huona tukio zima, hata watu walio nje ya mipaka ya picha. Lakini kifuniko kikisahauliwa juu ya lenzi, hana habari. (Aibu hiyo imenipata.) Nikon F ya mwaka 1959 humwonyesha, kwa njia ya kioo, kile kile kinachoonwa na lenzi. Ila kioo huinuka filamu inapopata nuru, na nukta ile, ambayo ndiyo picha, kwake ni giza.

Yupi shahidi wa haki? Mimi namkubali wa kwanza. Wakiitwa mahakamani kueleza jinsi mtu alivyopigwa, wa pili ataeleza kabla na baada. Katikati atasemewa na filamu.