Kitabu Chema na Mfuko Mtupu

Kuna ubaya unaokuja na uso wazi, nao ni rahisi kuutambua. Mlevi anayemaliza mshahara wake kwa pombe, kijiji kizima kinamjua. Huku kwetu, toka Kasongo mpaka Kabambare, watu husimulia pia juu ya mchimbaji wa dhahabu wa upande wa Namoya: Jumamosi ana franka nyingi, Jumatatu anakopa unga. Tunatikisa kichwa na kumsikitikia. Lakini kuna kupoteza mali kwingine kunakovaa nguo nzuri. Mwalimu ao katekista anayenunua kitabu, nani atamlaumu? Kitabu ni kitu chema. Na kwa sababu ni chema, ni vigumu kuona mahali haja inapokwisha na tamaa inapoanza.

Hatutaki kusema vibaya juu ya vitabu. Katekista asiyesoma ni kama jembe lisilo na mpini. Tena vitabu hutufikia kwa shida, kwa barabara mbovu, pengine juu ya baiskeli pamoja na chumvi na sabuni. Ndiyo sababu mtu akikiona kimoja sokoni, moyo wake humwambia: «Leo kipo, kesho hakipo.» Basi anakilipa kabla ya kukipima. Uhaba wenyewe unakuwa mshawishi.

Vita hii si ya leo. Mtakatifu Yeronimo aliacha jamaa na hata chakula kizuri, akaenda mashariki kumtumikia Mungu. Lakini vitabu alivyovikusanya Roma kwa taabu nyingi hakuweza kuviacha. Alifunga, kisha akafungua Cicero. Mwenyewe aliandika katika barua ya mwaka 384 jinsi alivyougua, akajiona mbele ya Hakimu, naye akaambiwa kwamba yeye ni mtu wa Cicero, si mtu wa Kristu. Je, baada ya hapo alichoma vitabu vyote? Hapana. Alisoma zaidi, akageuza Maandiko Matakatifu kwa Kilatini, na Eklezya yote ikapata faida. Tofauti ni hii: zamani vitabu vilimtawala yeye, baadaye viliitumikia kazi yake.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatusaidia kuelewa jambo hili. Katika Summa yake, bidii njema ya kujifunza hakuiweka chini ya busara, kama wengi tungefikiri, bali chini ya fadhila ya kiasi, pamoja na kufunga na kujizuia na ulevi. Kwa nini? Kwa sababu roho inatamani kujua kama vile tumbo linavyotamani kula. Na kila njaa, hata iliyo njema, inataka kipimo. Anayekula kupita kiasi anaugua. Anayenunua vitabu kumi na kumaliza kusoma kimoja, roho yake haikushiba. Sanduku lake tu limejaa.

Tena vitabu havitembei peke yake. Vinafuatana na ndugu zake wadogo: chai na mandazi njiani, sigara, chupa moja ya bia, vocha ya simu. Kila kimoja husema: «Mimi ni mdogo, sitakuumiza.» Tuhesabu kidogo. Mtu akitoa franka 500 kwa siku, siku 26 za kazi, mwezi ukiisha zimetoka franka 13.000, mwaka ukiisha, 156.000. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, lakini kibaba hutoboka vilevile, haba na haba. Na wakasema pia: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi, zile franka ni za nani? Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Za mfanyakazi, ndiyo. Lakini pia za mke wake aliyelima shamba na kutwanga sombe, za mtoto anayengoja minervali ya sekondari, za mama mzee anayehitaji dawa. Mtakatifu Basili aliwafundisha matajiri wa Kaisarea kwamba nguo inayokaa bure sandukuni ni mali ya yule aliye uchi. Tufuate fundisho hilo mpaka mwisho: kitabu kinacholiwa na mchwa bila kusomwa ni cha nani? Ni cha kijana wa jirani mwenye macho mazima asiye na cha kusoma.

Tushike basi mambo matatu. Kwanza, tumalize kitabu tulicho nacho kabla ya kutafuta kingine. Pili, tukitamani kitu kisicho cha lazima, tungoje toka Dominika hii mpaka Dominika ijayo. Tamaa nyingi hufa katikati ya juma, na haja ya kweli inabaki hai. Tatu, tuzungumze nyumbani. Mume na mke wapange pamoja fungu la chakula, la shule, la wagonjwa, la Kanisa, na fungu dogo la furaha. Maana kiasi si ubahili, na anayejinyima kila kitu leo, kesho huvunja mlango wa ghala. Fungu la furaha likiisha, limekwisha mpaka mwezi mwingine.

Juu ya hayo, tuazimane vitabu. Wanne wakinunua kila mmoja kimoja, kila mmoja atasoma vinne. Kwa njia hiyo mfuko unapumua, na kitabu kinafanya kazi iliyokipasa: kutembea toka mkono hata mkono, na kuangaza zaidi ya nyumba moja.

Tupende vitabu, ndugu, lakini tuwapende zaidi watu tunaokula nao sahani moja. Mtu akifunga kitabu chake jioni na kuona watoto wameshiba, amesoma vizuri.