Yai la Pasaka na Pindo la Leso

Mkristo wa mtaa wa Kiandutu, Thika, akilichora yai la Pasaka kwa maua ya leso, je, ameiga Wazungu tu? Wanaoitikia wana la kusema: huku Thika hatuna majira ya theluji kuyeyuka, Pasaka hutukuta kwenye matope ya mvua ndefu, mahindi ndiyo kwanza yamefukiwa. Wapo pia wanaodai yai ni masalio ya upagani, na hapo humleta mungu wa kike Eostre. Dai hilo halina miguu. Aliyemtaja Eostre ni mtawa Beda, mwaka 725, akieleza asili ya jina la mwezi, mayai hakuyagusa. Tena jina la Easter ni shida ya Waingereza. Sisi husema Pasaka, neno lenye mzizi wa Kiebrania.

Chimbuko lenye uzito ni mfungo. Wakristo wa zamani waliacha mayai Kwaresima nzima, lakini kuku hafungi. Yakarundikana hadi sikukuu, na kitabu cha ibada cha Roma cha 1614 kikawa na sala ya kuyabariki. Waorthodoksi, ambao Patriaki wa Aleksandria aliwapokea rasmi Kenya na Uganda mwaka 1946, kwa mapokeo yao huyapaka rangi nyekundu: ganda ni kaburi, rangi ni damu. Basi yai lilikuwa chakula kilichorudi mezani, na pambo linalolizuia lisiliwe ndilo lililopotoka. Kulifunga kwa tai ya hariri ya mitumba na kulichemsha na siki hutoa nakshi ya kupendeza kweli (ya leso ya pamba haihami hivyo), ila rangi za tai hazikutengenezwa ziliwe. Afadhali kipande cha mshumaa. Yai likishaiva na kupoa, chora pindo kiunoni mwake, tia madoa ya mji wa leso juu na chini, kisha litumbukize katika maji yaliyopoa ya maganda ya vitunguu. Nta hukataa rangi. Mchoro hubaki na hudhurungi ya yai la gredi.

Atakayelalamika kwamba yai si la kuchezewa mtaani ambako watu hununua mojamoja kioskini, amesema kweli, na ndiyo sababu limenywe. Kazi ya nusu saa inagongwa ukingoni mwa meza, pindo linapasuka, na mtoto tayari anaulizia chumvi.